Dhana ya Amana katika Fikra za Kikoloni kuhusu Kujitawala: Mfano wa Olbalbal, Ngorongoro

Olbalbal ni bonde lililoko kati ya nyanda za juu za Ngorongoro na tambarare za Serengeti, mahali ambapo maji ya Korongo la Olduvai huishia. Kwa wafugaji wa Kimaasai eneo hili ni malisho ya msimu wa mvua. Mifugo huteremshwa kutoka milimani mvua zinapoanza, na nyumbu wanapozaa huondolewa kwenye nyasi fupi za tambarare, kwa kuwa ndama wa nyumbu huambukiza ng'ombe ugonjwa unaoua. Nani ateremke, lini, na kwa njia ipi, yalikuwa maamuzi ya vikao vya wazee na malaigwanani, yaani viongozi wanaochaguliwa na marika yao. Kwa maana hiyo, kujitawala kulikuwapo Olbalbal kabla ya kuja kwa utawala uliodai kuwaandaa watu kwa ajili yake. Sehemu hii inajadili kwa nini utawala huo haukuutambua mfumo uliokuwapo, na inadai kuwa sababu moja kubwa ni dhana ya amana, yenye asili ya kifalsafa na ya kidini.

Mwaka 1783, Edmund Burke alilieleza Bunge la Uingereza, katika mjadala kuhusu India, kwamba mamlaka yoyote juu ya watu ni amana ambayo mwenye kuishika hana budi kuitolea hesabu. Wakristo wa vuguvugu la kupinga utumwa waliitia dhana hiyo moto wa kidini: mtawala angehesabiwa mbele ya Mungu, si mbele ya Bunge pekee. Mikondo hii miwili ilikutana katika Ibara ya 22 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa (1919), iliyouita ustawi wa watu wasioweza bado kusimama wenyewe amana takatifu ya ustaarabu. Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza kwa msingi huo. Hapa yafaa kuzingatia matumizi ya Kiswahili. Amana kwa Waswahili ni mali iliyowekwa kwa mtu na mwenyewe, naye huirudisha mwenyewe anapoidai. Katika Ibara ya 22 mwenye mali hakuweka chochote, na aliyeamua siku ya kurudisha ni yule yule aliyeishika.

Ushawishi wa wanadini haukuishia kwenye maneno. Mwaka 1923 J. H. Oldham, katibu wa Baraza la Kimataifa la Misioni, alishirikiana na Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kuishawishi Wizara ya Makoloni wakati wa mgogoro wa Wahindi na walowezi nchini Kenya. Waraka wa Devonshire wa mwaka huo ulitamka kuwa maslahi ya Waafrika yatangulie pale yanapogongana na ya wageni. Tamko hilo liliwazuia walowezi kujipatia serikali yao wenyewe; halikuwapa Waafrika serikali yoyote.

Jibu la Tanganyika lilikuwa utawala kupitia wenyeji. Gavana Donald Cameron (1925–1931), aliyetoka Nigeria, alitunga Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 akifuata kwa namna yake mafunzo ya Frederick Lugard. Nyuma yao kulikuwa na Henry Maine, ambaye katika kitabu chake cha 1861 alizieleza jamii za kale kuwa zimefungwa na ukoo na hadhi ya kuzaliwa. Aliyemsoma Maine alikwenda kijijini akimtafuta chifu.

Wamaasai hawakuwa naye. Maofisa walimgeukia oloiboni, mtabiri na kiongozi wa ibada, kama ambavyo wenzao wa Kenya walivyomfanya Lenana kuwa chifu mkuu. Heshima ya oloiboni ilitokana na uwezo wake wa kubariki na kutabiri. Kuamuru malisho hakukuwa kazi yake. Hivyo dola lililojinasibu kuhifadhi mila lilibadili cheo cha dini kuwa cheo cha siasa. Henry Fosbrooke, ofisa aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu mfumo wa jamii ya Kimaasai mwaka 1948, alionyesha nafasi ya marika kwa uwazi usio wa kawaida kwa zama zake. Ujuzi huo ulikuja umechelewa.

Athari zake zilionekana katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo wakati huo ilijumuisha Ngorongoro. Mwezi Aprili 1958 wazee 12 walitia saini tamko la kuachia haki za Wamaasai katika Serengeti ya magharibi. Katika mfumo wa marika, wazee 12 wasingeweza kuwafunga watu wa sehemu zote bila vikao vyao. Katika mfumo wa mamlaka za wenyeji, saini chache zilitosha. Sheria ya 1959 iliitenga Ngorongoro, pamoja na Olbalbal, kuwa eneo la wafugaji na wanyamapori kwa pamoja. Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull aliliahidi Baraza la Shirikisho la Wamaasai kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya wakazi, ya wakazi yatatangulia. Turnbull alikuwa ametumikia Kenya kwa miaka mingi, na ahadi yake ilifuata muundo ule ule wa 1923. Ilikuwa ahadi ya mdhamini. Wakazi waliambiwa maslahi yao yatapewa uzito. Hawakuambiwa kuwa ndio watakaoyapima.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori. Nchi iliyokuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba yenyewe inapokea udhamini wa wanyama, kwa ajili ya vizazi vijavyo. Neno lilikuwa lile lile. Aliyewekewa amana ndiye aliyebadilika. Mwaka 1974, wafugaji walioishi ndani ya Kreta ya Ngorongoro waliondolewa, na Serikali iliyowaondoa ilikuwa ya wananchi.