Mahali pa Kula Dar es Salaam

Dar es Salaam ni jiji kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wake, na kwa kuwa wengi hufanya kazi mbali na nyumbani, chakula cha mchana huliwa sana vibandani, sokoni na katika migahawa midogo. Kwa mgeni hii ni neema: mapishi ya kila siku ya wenyeji yako hadharani, tena kwa bei ya wenyeji. Anayekula hotelini alikofikia tu huondoka bila kulionja jiji.

Mapishi hayo yamekuja na watu. Wazaramo na jirani zao wa pwani walikuwa na samaki, muhogo na nazi kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860. Wahindi walikuja na chapati, sambusa na kachori. Wahamiaji wa bara wakaleta mtori na ndizi nyama za Uchagani, na dagaa wa Kigoma na Mwanza.

Asubuhi watu hugawanyika kati ya supu na chai. Supu ni ya ng'ombe, makongoro au kuku wa kienyeji, na huliwa kwa chapati, ndimu na pilipili. Wa chai huagiza maandazi, vitumbua au chapati kwa mbaazi za nazi, na hicho ndicho kifungua kinywa cha Kipwani hasa. Uswahilini, kama Magomeni, Ilala na Temeke, mbaazi nzuri huwahi kuisha. Anayechelewa kuamka huzikosa.

Mchana ni zamu ya mama lishe, ambaye wengi humwita pia mama ntilie. Biashara hii ilipanuka sana katika miaka ya 1980, uchumi ulipodorora na mshahara ukawa haukidhi mahitaji ya nyumba. Leo ndiyo inayolisha mafundi, wachuuzi, madereva na makarani. Sahani ya kawaida ni wali au ugali, maharage, mchicha au kisamvu, na kitoweo anachochagua mlaji: nyama, dagaa, kuku au samaki wa kukaanga. Maji ya kunawa hutolewa kabla ya kula. Kariakoo ina mama lishe wengi, na mgeni hufika kwa urahisi kwa mabasi ya mwendokasi yanayoishia Gerezani. Hakuna mlo unaolieleza jiji hili vizuri kuliko huu, na mwenye siku moja tu Dar aanzie hapa.

Kwa samaki, mahali ni Feri, soko lililoko Kivukoni karibu na pantoni ya Kigamboni. Mnada huanza mapema asubuhi, boti zinapoingia. Changu, kolekole, nguru, jodari, pweza, ngisi na kamba huuzwa hapo, na kuna upande mzima wa wakaangaji wenye makarai makubwa. Mtu hununua samaki wake, naye samaki huparuliwa magamba, kisha hukaangwa akiwa bado mbichi kabisa. Patana bei kabla, ya samaki na ya kukaanga.

Jioni majiko ya mkaa huhamia barabarani. Chipsi mayai, maarufu kama zege, na mishkaki hupatikana karibu kila mtaa. Wauza pweza huweka meza zao vituoni, na supu ya pweza hunywewa hapo hapo kwa kikombe. Coco Beach, Oysterbay, inajulikana kwa mihogo ya kukaanga na ya kuchoma yenye pilipili, pamoja na madafu. Jumapili jioni hufurika familia. Kisutu na Upanga ndiko kwenye mapishi ya Kihindi, na wasiokula nyama hushiba vizuri huko, jirani na mahekalu ya Wahindu. Wapenzi wa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huenda Sinza, na wa nyama choma huelekea mnada wa mifugo wa Pugu. Masaki na Msasani zina migahawa ya kimataifa, mizuri na ya ghali.

Usafi usidharauliwe. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam. Chagua chakula kinachotoka motoni, kibanda chenye wateja wengi, maji ya chupa, na matunda unayoyaona yakimenywa mbele yako. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni tamu, lakini tazama kwanza barafu inatoka wapi.

Mwezi wa Ramadhani vibanda vingi hufungwa mchana, na vilivyo wazi huweka pazia. Mgeni asiyefunga asile akitembea barabarani. Baada ya magharibi futari huanza: mihogo na magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wenye pilipili manga. Ukikaribishwa kufuturu, kubali.