Somo la Redio: Chuo Kipi cha Udaktari kwa Mtoto wa Shinyanga?

 

Leo tunalo swali linalowakosesha usingizi baadhi ya wazazi wa Shinyanga na Geita. Mtoto amefaulu vizuri masomo ya sayansi, ataka kuwa daktari, na vyuo viwili vimemkubali. Cha kwanza ni Muhimbili, Dar es Salaam. Ni chuo cha serikali, na ada yake ni ndogo. Cha pili ni Bugando, Mwanza. Ni chuo cha Kanisa Katoliki. Ada yake ni kubwa zaidi, lakini ki karibu na nyumbani. Baba atazama zizi lake na kujiuliza: niuze ng'ombe wangapi, na kwa chuo kipi?

Kabla ya kumjibu na tutazame nyuma, maana swali hili si geni.

Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Geita, na tangu 1940 almasi ya Mwadui, zilivuta watu wengi wa kazi. Penye watu wengi hapana budi pawe na mganga. Lakini Tanganyika haikuwa na chuo cha kutoa madaktari kamili. Palikuwa na mafunzo ya wasaidizi tu. Kijana wa Shinyanga aliyetaka udaktari alipanda treni mpaka Mwanza, akavuka Ziwa Victoria kwa meli, akafika Makerere, Uganda. Huko alijifunza katika hospitali ya Mulago. Chuo kilikuwa kimoja kwa nchi zetu zote, na nafasi zilikuwa chache mno. Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wetu wenyewe walikuwa wa kuhesabika.

Mwaka 1963 serikali ilifungua chuo cha udaktari Dar es Salaam. Sasa zikawa njia mbili. Makerere ilikuwa na sifa, walimu wa siku nyingi na utafiti. Huko ndiko Denis Burkitt alikoeleza mwaka 1958 habari za saratani ya taya za watoto. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kichanga, tena kilitoa diploma, si digrii. Huenda wako waliokidharau. Lakini mwaka 1968 kilikuwa kitivo cha chuo kikuu, na baadaye kikawa Muhimbili tunayoijua. Kumbe chuo kisipimwe kwa umri wake peke yake.

Bugando nayo ina historia kama hiyo. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo cha madaktari kikaanza 2003 kwa kikundi kidogo cha wanafunzi. Leo ni Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya.

Je, habari ya fedha? Kwa miaka mingi baada ya uhuru, serikali ndiyo iliyomlipia mwanafunzi. Katika miaka ya 1990 wazazi walianza kuchangia, na tangu 2005 iko Bodi ya Mikopo. Mkopo huombwa na wanafunzi wa vyuo vya serikali na vya binafsi pia. Lakini huenda usitoshe ada yote, na mkopo ni deni.

Basi, mzazi, chukua karatasi. Masomo ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Tuseme ada ya chuo kimoja yazidi ya kingine kwa shilingi milioni 3 kwa mwaka. Kwa miaka 5 hiyo ni milioni 15. Sasa ongeza nauli, chumba na chakula cha kila mahali. Dar es Salaam ni mbali, na maisha yake ni ghali; Mwanza mtoto aweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Pengine tofauti itapungua, lakini usidhani itakwisha. Hesabu mwenyewe.

Halafu utazame nguvu ya kila chuo. Muhimbili iko jirani na taasisi kubwa za moyo, mifupa na saratani. Bugando hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa: kichocho cha wavuvi, selimundu ya watoto, mapafu ya wachimbaji yaliyoharibiwa na vumbi la mawe. Wachimbaji wadogo wa Geita huchoma zebaki ili wapate dhahabu, na mvuke wake hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Daktari anayewajua watu hawa tangu ujana wake ana faida kubwa.

Nasi twasema hivi. Ikiwa hesabu zakaribiana, chagua kwa kazi ambayo mtoto ataka kuifanya. Ikiwa tofauti itamaliza zizi zima na kuwatoa wadogo zake shuleni, chukua chuo cha ada ndogo bila haya. Vyuo vyote viwili hutoa digrii ya udaktari, na wahitimu huandikishwa na Baraza moja. Magonjwa ya Geita atajifunza atakaporudi Geita. La muhimu ni arudi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini vijana wa Tanganyika walikwenda Makerere kabla ya 1963?
2. Gharama gani huwa hazionekani katika karatasi ya ada?
3. Kijiji chetu kifanye nini ili daktari aliyesomeshwa arudi kwetu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.