Kinu, Jenereta na Usiku wa Mwezini

Katika kuandaa istilahi za umeme tulikumbana na tafsiri isemayo kwamba Wamarekani walijenga kinu cha nyuklia mwezini mwaka 1969. Hawakujenga. Lakini kosa hilo si la mfasiri peke yake; sisi wenyewe tuliliacha neno "kinu" libebe kila mtambo wenye uhusiano na nyuklia.

Chanzo cha jambo lote ni usiku. Usiku wa mwezini (hatusemi "usiku wa mwezi", ambao kwa wengi ni ule wa mbalamwezi) huchukua takriban siku 14 za Dunia, na baridi yake hupita nyuzi 150 za Selsiasi chini ya sifuri. Kipima-mitetemo kilichoachwa na Apollo 11, Julai 1969, kilitegemea paneli za jua. Usiku ulipoingia kilinyamaza. Kulipokucha kikaamka, kisha kikanyamaza kabisa mwezi Agosti.

Kwa sababu hiyo Apollo 12, Novemba mwaka huo huo, ilichukua jenereta iliyoitwa SNAP-27. Ndani yake viini vya plutoniamu huvunjika vyenyewe polepole na kutoa joto, nalo hugeuzwa kuwa umeme pasipo kitu chochote kuzunguka. Alan Bean alipotaka kuichomoa fueli katika kasha lake iligoma, hata mwenzake Charles Conrad akaligonga kasha kwa nyundo. (Nyundo, alhamdulillahi, haihitaji istilahi mpya.) Nguvu yake ilikuwa wati 70 hivi, sawa na taa moja ya chumbani, hata hivyo iliviendesha vyombo vyake usiku na mchana hadi vilipozimwa kutoka duniani tarehe 30 Septemba 1977.

Kinu ni kitu kingine. Humo viini hupasuliwa kwa mfululizo unaoongozwa na binadamu, ambaye aweza kuuongeza au kuupunguza. Watu wakikaa mwezini, wati 70 hazitawafaa kitu. Mwaka 2022 Marekani iliteua vikundi vitatu vya makampuni kusanifu kinu cha kilowati 40 kwa ajili ya huko. Hadi sasa hakuna kilichopelekwa.

Twapendekeza basi "jenereta ya joto la nyuklia" kwa mtambo wa 1969, na "kinu cha nyuklia" kwa huu unaokusudiwa. Wapo wanaopenda "betri ya nyuklia". Ni fupi, twakiri, na magazeti yataipenda. Ila betri ya kawaida huishiwa ikatiwa chaji, na SNAP-27 haikutiwa chaji na mtu yeyote.