Wa Kalamu na wa Brashi: Nani Anamtengenezea Mtoto Wetu Kitabu?



Ndugu wasomaji, karibu Sura Yusuf yote ni kisa kimoja, na kisa hicho kinaanza kwa ndoto ya mtoto anayomsimulia baba yake. Hatuhitaji ushahidi mwingine kwamba kisa ni chombo cha malezi. Katika makala hii tunawatazama waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto: walitokea wapi hapa Afrika Mashariki, kazi yao hufanywaje, na kwa nini mtoto wa Kiislamu wa Naguru anayezungumza Kiswahili nyumbani hajioni kwa urahisi ndani ya vitabu hivyo.

Naguru na lugha yake

Nyumba za Nakawa na Naguru zilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa Kampala. Mtafiti Mwingereza David Parkin alifanya kazi yake humo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1969 kinaeleza jinsi majirani wa makabila mengi, wakiwemo Wajaluo na Waluhya, walivyoishi pamoja. Kiswahili kilikuwa moja ya lugha zilizowaunganisha. Kambi ya polisi nayo ilikitunza, kwani polisi na jeshi la Uganda wamekitumia tangu ukoloni. Nyumba hizo za zamani zilibomolewa mwaka 2011 na familia nyingi zikatawanyika, lakini waliokulia humo walihama na lugha yao.

Hadithi zilivyoingia kitabuni

Kwa karne nyingi hadithi ilikaa kinywani mwa bibi. Mwaka 1870 Mwingereza Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Kwa namna hiyo maneno ya wazee wa mji wa Kiislamu yalihifadhiwa, ingawa aliyeyahifadhi alikuwa mmisionari. Hekaya za Abunuwasi nazo zilikuja kuchapishwa na kusomwa shuleni. Jina hilo ni la Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, ambaye pwani yetu ilimgeuza kuwa mjanja wa mtaani anayewashinda matajiri kwa akili.

Mwaka 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, ikichapisha kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine. Kwa upande wa picha, Makerere ilikuwa imetangulia. Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko katika miaka ya 1930. Miongoni mwa waliopitia chuo hicho ni Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Kilimanjaro, waliothibitisha kwamba mandhari ya kijijini kwetu yanastahili kuchorwa.

Moses na Bogi Benda

Wasomaji wengi wa umri wa makamo wanamkumbuka Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni. Aliyemwandika ni Barbara Kimenye, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Uganda na kufanya kazi katika serikali ya Kabaka. Vitabu hivyo vilianza kutolewa na Oxford University Press katika miaka ya 1960, na mama huyu alifariki mwaka 2012. Watoto walivipenda kwa sababu vilisimulia bweni, chakula kibaya na walimu wakali waliowafahamu wao wenyewe.

James Tumusiime alianzia kwenye mchoro. Alibuni katuni ya Bogi Benda iliyosomwa magazetini Kenya, kisha mwaka 1988 akaanzisha Fountain Publishers hapa Kampala, kampuni iliyotoa vitabu vingi vya shule na vya watoto.

Lakini vitabu vya Moses ni vya Kiingereza. Kiswahili kilipatwa na nini? Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kuwa ni lugha ya taifa. Raia wengi, hata hivyo, walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari mwenye bunduki. Mwandishi gani angemwandikia mtoto hadithi ya jioni kwa lugha inayomtisha mama yake? Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Sheria imetangulia, vitabu vinafuata polepole, na vingi hutoka Nairobi na Dar es Salaam.

Kazi yenyewe

Kitabu cha picha kina watu wawili nyuma yake. Karatasi moja kubwa ya mtambo ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, ndiyo maana vitabu vya watoto mara nyingi huwa na kurasa 16, 24 au 32. Mwandishi hugawa kisa chake humo, kisha hufuta kila neno ambalo picha italisema. Akiandika kwamba mzee amevaa kanzu nyeupe, na mchoraji amekwisha kuichora, sentensi hiyo imekaa bure.

Tanzania inatupa mfano mzuri. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 uliwapa mafunzo waandishi, wachoraji na wachapishaji, tena ukanunua nakala na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asiogope hasara. Naye John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, huandika na kuchora mwenyewe. Huwasikiliza wazee wakisimulia, kisha huchora wanyama waliovaa nguo na kutembea kwa miguu miwili.

Suala la picha

Baadhi ya wazazi huuliza kuhusu picha za viumbe hai. Wanazuoni wametofautiana, na wengine hutaja hadithi sahihi ya Bibi Aisha (r.a.) aliyechezea wanasesere kuwa ni ruhusa kwa mambo ya watoto. Lililo wazi kwetu ni kwamba Mitume hawachorwi. Hilo halimfungi mchoraji. Anaweza kuchora jangwa, mlango ulio wazi, nyayo mchangani, mtende na kivuli chake, na mtoto akaelewa.

Wajibu wetu

Mtoto asiyemwona mtu wa kwao kitabuni hujifunza kimyakimya kwamba watu wa kwao si wa vitabuni. Hatutapata kitabu cha Idi ya Naguru, cha bibi mwenye leso, cha mtoto anayekimbilia madrasa kukiwa na matope, tukingoja aandike mtu wa mbali. Wazazi, waketisheni watoto na bibi zao, waandike wanayoyasikia kabla wazee hawajatangulia mbele ya haki. Wanafunzi, kunjeni karatasi mpate kurasa 16. Mmoja aandike, mwenzake achore. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, hutoa bure hadithi zenye picha, nyingine kwa Kiswahili, na huruhusu watu kuzitafsiri na kutunga zao. Walimu wa madrasa wanaweza kuanzia hapo.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awalipe kheri wote wanaoshika kalamu na brashi kwa ajili yao. Amin.