Deki za Bei Nafuu: Jinsi Hesabu Ilivyopambana na Pesa Kwenye Magic

Leo tuweke simu na programu kando kidogo, tuzungumze kuhusu mchezo wa kadi za karatasi. Msikimbie lakini. Mtu wa kompyuta akiusoma vizuri mchezo huu atakuta ndani yake tatizo letu la kila siku: una rasilimali chache, mwenzako anazo tele, na mnashindana kwa kazi ile ile. Utafanya nini?

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Karata tunazozijua zina usawa wake. Pakiti ni moja, kadi ni 52, na kila aliyeketi anagawiwa kutoka rundo lile lile. Pesa zako mfukoni hazikusaidii kitu. Mwaka 1993 kampuni ya Wizards of the Coast, kutoka jimbo la Washington kule Marekani, ilitoa mchezo ulioitupa kanuni hiyo nje. Jina lake ni Magic: The Gathering, na aliyeubuni ni Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati. Hapa kila mchezaji anakuja na rundo lake mwenyewe (wachezaji huliita deki), alilolijenga kwa kadi alizonunua. Kadi zinauzwa katika vipakiti vilivyofungwa, hujui ndani kuna nini. Nyingi ni za kawaida, chache ni adimu.

Umeshaona shida inakotoka. Kama kadi adimu ndizo zenye nguvu, basi mwenye pesa ndiye mshindi hata kabla ya kuketi.

Garfield aliliona jambo hili. Alidhani kila mtu angenunua vipakiti vichache tu, kisha marafiki wabadilishane, na kwa hiyo kadi kali kama Black Lotus ingeonekana mara moja moja katika kundi zima. Tena sheria za mwanzo zilikuwa na kamari: kila mchezaji aliweka kadi moja rehani, na mshindi aliondoka nayo. Mwenye kadi za thamani alicheza akijua anaweza kuzipoteza. Ilikuwa hesabu nzuri, lakini watumiaji hawakuifuata. Nyinyi mnaoandika programu mnajua jinsi watumiaji walivyo! Watu walinunua maboksi kwa maboksi. Deki ya mwanzo ilitakiwa kuwa na kadi 40 tu, na hakukuwa na kikomo cha nakala za kadi moja. Aliyeweza kununua kumi aliweka zote kumi.

Kiraka cha kwanza: 1994

Mwanzoni mwa 1994 sheria za mashindano zilirekebishwa. Deki isipungue kadi 60, na nakala za kadi moja zisizidi 4, isipokuwa zile ardhi za msingi zinazotoa mana. Mana ndiyo mafuta ya mchezo: kila kadi ina bei yake ya mana, na kwa kawaida unaongeza ardhi moja kila zamu. Kadi kali zaidi ziliwekewa kikomo cha nakala 1.

Hebu tupige hesabu, maana siri ya deki nafuu imejificha hapa. Unaanza mchezo na kadi 7 mkononi. Ukiwa na nakala 1 ya kadi ndani ya deki ya 60, uwezekano wa kuipata mwanzoni ni 7 kwa 60, karibu asilimia 12. Ukiwa na nakala 4, uwezekano unapanda hadi asilimia 40. Kwa hiyo mtu mwenye almasi moja ndani ya rundo mara nyingi hataiona mapema. Mwenye kadi za kawaida, nne nne, anajua karibu kila mara atapata nini. Deki yake haishangazi, lakini pia haimwangushi.

Atlanta, 1996

Mwaka 1996, kwenye mashindano ya kufuzu huko Atlanta, mchezaji Paul Sligh alimaliza wa pili kwa deki nyekundu iliyowafanya watu wakune vichwa. Ilikuwa imebuniwa na Jay Schneider. Ndani yake mlikuwa na Ironclaw Orcs, orki mwoga asiyeweza kumzuia kiumbe mwenye nguvu ya 2 au zaidi. Mlikuwa na Dwarven Trader, kiumbe wa nguvu 1 asiye na uwezo wowote mwingine. Kadi za namna hii wachezaji walikuwa wakizitupa chini ya kitanda.

Sasa, ziliwezaje kufika hapo? Schneider hakuuliza kadi ipi ina nguvu kuliko zote. Aliuliza ni mana ngapi zinapotea bila kutumika. Zamu ya kwanza una mana 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 4. Jumla ni 10. Mtu anayesubiri joka lake kubwa, asitoe chochote hadi zamu ya nne, ameshatupa mana 6 kati ya hizo 10. Schneider alipanga kadi zake kwa bei, nyingi za mana 1 na 2, chache za 3, kidogo sana za juu, ili kila zamu kuwe na la kufanya. Mpangilio huo ndio wachezaji wanaouita mkunjo wa mana, na leo hakuna anayejenga deki bila kuufikiria. Kwa lugha yetu, alihakikisha prosesa haikai bure hata sekunde moja.

Angalia mfano mdogo. Kila mchezaji anaanza na uhai 20. Zamu ya kwanza unatoa kiumbe wa nguvu 2 kwa mana 1. Anaanza kushambulia zamu ya pili, na kufikia zamu ya tano ameshambulia mara 4: uhai 8 umekwenda. Zamu ya pili unatoa mwingine wa nguvu 2, naye kufikia zamu ya tano anashambulia mara 3: uhai 6. Ongeza Lightning Bolt mbili, kila moja mana 1 na madhara 3: uhai 6 tena. Jumla 20. Kama hajakuzuia, mpinzani amekwisha kwa kadi nne na mana 5, na huenda joka lake bado liko mkononi. Lightning Bolt ilikuwa kadi ya kawaida tangu toleo la kwanza kabisa.

Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, lilitoka toleo la Mirage, lenye visa vya bara la kubuni lililochotwa kutoka Afrika. Msomaji wa Kiswahili hapa atatabasamu: kuna mnyonya damu anaitwa Shauku, kuna Zuberi mwenye manyoya ya dhahabu, kuna askari na kuna Mtenda. Wachezaji wa Marekani walikuwa wakitamka maneno yetu bila kujua.

Ushindi na bei yake

Wengi waliiona deki ya Sligh kama kichekesho kilichobahatika. Machi 1998 kicheko kiliisha: Dave Price alishinda Pro Tour ya Los Angeles kwa deki nyekundu ya namna hiyo hiyo. Mlikuwa na Jackal Pup, kiumbe wa mana 1 mwenye nguvu 2, na Mogg Fanatic, kadi ya kawaida kabisa.

Lakini tusidanganyane. Deki ya Price ilikuwa pia na Cursed Scroll, na hiyo ilikuwa kadi adimu. Hapa ndipo historia inapouma. Deki nafuu ikishinda, kila mtu anaitaka, na kadi zake hupanda bei. Mbinu ikishajulikana, soko huigeuza kuwa bidhaa. Na kwa kadi za zamani mlango ulishafungwa: mwaka 1996 kampuni ilitangaza orodha ya kadi ambazo haitazichapa tena, ili kuwatuliza wakusanyaji. Black Lotus imo humo. Mwaka 2021 moja ya toleo la kwanza iliuzwa kwa dola 511,100.

Mwaka 2008 mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Oktoba ilikuja ngazi mpya ya kadi, adimu kuliko adimu. Desemba, upande wa mchezo wa mtandaoni, ulitambuliwa rasmi mtindo uitwao Pauper, yaani fukara, ambao unaruhusu kadi za kawaida peke yake. Mlango mmoja wa matajiri, mmoja wa akina sisi. Juni 2019 Pauper ilitambuliwa rasmi kwa kadi za karatasi pia. Hata huko pesa ilipenya. Oubliette, kadi ya kawaida ya 1993, ilikuwa imechapwa kidogo sana zamani hizo hata ikawa ghali, mpaka ilipochapwa upya 2020.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha 2011. Kadi mbili, Jace, the Mind Sculptor na Stoneforge Mystic, zilikuwa zimetawala mashindano, na bei ya Jace ilipita dola 100. Juni zikapigwa marufuku zote mbili. Tatizo ni kwamba kampuni ilikuwa imetoka kuuza deki iliyokwisha pangwa, War of Attrition, yenye Stoneforge Mystic mbili ndani. Wakaamua hivi: Stoneforge ni haramu, isipokuwa unacheza deki hiyo kama ilivyotoka dukani bila kubadilisha hata kadi moja. Kwa muda mfupi, aliyenunua boksi la dukani alikuwa na haki ambayo bingwa hakuwa nayo!

Tunajifunza nini?

Mimi naona mambo mawili. La kwanza, hesabu nzuri inaweza kuziba pengo kubwa la pesa: tumia rasilimali yako yote kila zamu, rudia kinachofanya kazi, maliza kabla kitu ghali cha mwenzako hakijaamka. Anayeandika programu ya kukimbia kwenye simu ya bei ya chini anaijua njia hii.

La pili ni gumu zaidi. Hesabu peke yake haikutosha. Schneider alihitaji sheria ya nakala 4 ili mwenye pesa asijaze rundo zima kwa kadi kali, na Pauper ilihitaji watu waamue kwamba mchezo wa kadi za kawaida unastahili mashindano yake. Werevu unampa fukara nafasi, lakini ni sheria inayoilinda nafasi hiyo isinunuliwe.

Wewe unaonaje? Katika kazi yako, ni kipi unachohesabu kama nguvu na kumbe ni bei tu? Fikiria hilo, tukutane makala ijayo.