Ndiyo ya Shosho

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, kazi ya kwanza kunilipa ilikuwa ya kuuliza watu maswali. Kampuni moja ya utafiti ilinipa tableti, fulana na mitaa ya Kayole. Swali moja lilihusu corona: "Je, unadhani chanjo hii si salama?" Shosho aliyekuwa akikata sukuma mlangoni akanijibu, "Ndiyo, mjukuu wangu."

Ndiyo gani sasa? Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hujala?" ukajibu "Ndiyo," umesema hujala. Lakini kuna pia ndiyo ya adabu, ya kumwambia kijana aliyesimama juani kwamba umemsikia, aende zake. Nyuma yake, kando ya kalenda, kadi yake ya chanjo ilikuwa imebandikwa ukutani. Niliiona. Lakini nililipwa kwa kila fomu iliyojaa, si kwa kufikiri. Nikabonyeza "Si salama", nikasonga.

Nilimkumbuka juzi nikisoma kisa cha Roper, kampuni ya siku nyingi ya kura za maoni Marekani. Mwaka 1992, kwa niaba ya American Jewish Committee, iliwauliza Wamarekani kama wanaona inawezekana au haiwezekani kwamba Wanazi hawakuwaangamiza Wayahudi kamwe. Asilimia 22 wakasema inawezekana. Matokeo yalitoka Aprili 1993, mwezi uleule jumba la makumbusho ya maangamizi hayo lilipofunguliwa Washington. Hebu fikiria: umenusurika kambi, ndugu zako wote wameisha, halafu unaambiwa jirani mmoja kati ya watano anaona huenda ni hadithi tu.

Kumbe shida ilikuwa sarufi. Anayejua mauaji yalitokea alilazimika kujibu kwamba haiwezekani hayakutokea. Yaani akane mara mbili, papo hapo, mbele ya mgeni. Roper walikiri kosa, wakauliza upya 1994 kwa maneno yaliyonyooka. Safari hii walioona inawezekana hayakutokea walikuwa kama asilimia 1.

Halafu kuna utani. Mwaka 2013 Public Policy Polling iliuliza Wamarekani kama dunia inatawaliwa na watu-mijusi wanaojigeuza binadamu. Asilimia 4 wakasema ndiyo. Ukiipigia nchi nzima hesabu hiyo, unapata zaidi ya watu milioni 12. Ila fomu haina kitufe cha "huyu anacheka", na mimi nimekutana nao wengi tu, vijana wa kona wanaojibu chochote ili wenzao wacheke.

Basi tutupe kura zote? Hapana. Tangu 1963 Gallup imekuwa ikiuliza kama John F. Kennedy aliuawa na mtu mmoja au kulikuwa na njama. Mwaka ule asilimia 52 walisema njama. Mwaka 1976, baada ya Watergate kuwaonyesha kwamba ikulu yenyewe hupanga njama, ikawa 81. Mwaka 2023, 65. Siwezi kuapa kwa hiyo 65. Lakini watani hawajai nusu ya nchi, na ukiuliza jambo lilelile miaka sitini, ukaona jibu linapanda na kushuka, kuna kitu kimesogea ndani ya watu.

Kwa hivyo nikiona kichwa cha habari kinachosema "asilimia fulani wanaamini", kwanza natafuta swali lenyewe, neno kwa neno. Pili, naangalia kama liliwahi kuulizwa kabla. Tatu, asilimia ikiwa ndogo sana, naikumbuka ile kona ya vijana.

Ripoti yetu ilitoka, na grafu zake nzuri za rangi. Mahali fulani ndani yake yuko mtu mmoja wa Kayole anayeogopa chanjo. Huyo nilimtengeneza mimi, na hakuna aliyeniuliza.