Wanacheka Nini?

Leo tuzungumze juu ya kicheko.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Kiruruma, mkoani Kagera. Jioni nikaingia katika kibanda cha video. Ilikuwa ikionyeshwa filamu ya Hotel Rwanda, iliyotoka mwaka 2004, na mtafsiri hodari wa mizaha akiisimulia kwa Kiswahili. Walipoonyeshwa wanawake waliotekwa, mtafsiri aliigiza vilio vyao, na vijana wakaangua kicheko. Nilipotoka, mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga mlangoni aliniuliza: "Mwanangu, hawa wanacheka nini? Sisi maiti tuliziona mtoni."

Mama yule alisema kweli. Mto Kagera ndio mpaka wetu na Rwanda, na mwaka 1994 ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Hapo ndipo kamera za dunia zilipofurika. Mauaji yenyewe yalipigwa picha chache mno. Tulichoonyeshwa zaidi ni umati, vumbi, na mama aliyebeba mtoto, asiye na jina wala neno la kusema.

Lakini kabla ya picha kulikuwa na redio, na hapa najisema mimi mwenyewe ninayekula mkate wa redio. Kituo cha RTLM kilichoanza Kigali mwaka 1993 kiliwavuta vijana kwa muziki mzuri na utani. Kwanza kiliwachekesha, kisha, watu wakiwa wamekwisha kukizoea, kikawataja majirani wa kuuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Ikabainika kwamba mtu anaweza kuua kwa kipaza sauti.

Mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyompa nafasi yule mama asiye na neno. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, aliposhtakiwa mwaka 1996, hati ya mashtaka haikutaja ubakaji. Kesi ilipoendelea mwaka 1997, mashahidi wanawake wakaueleza. Majaji watatu, akiwemo mwanamke mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, hawakuwakatiza, waliwauliza zaidi. Mashtaka yakaongezwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ikaamuliwa, kwa mara ya kwanza duniani, kwamba ubakaji waweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari.

Tazama basi tofauti. Kilio kile kile, kibandani kilikuwa mchezo, mahakamani kikawa ushahidi. Kilichobadilika ni masikio.

Sisemi vibanda vifungwe, wala vijana wale si wabaya. Wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka ule. Nasema sisi tuliokuwapo hatukuwasimulia, tukamwachia mtafsiri kazi hiyo. Leo picha za watu wakipigwa zinapita katika simu zetu, zikiwa zimetiwa muziki na vichekesho, nasi twazirusha kwa wenzetu. Kabla hujairusha, jiulize swali la yule mama wa Kiruruma.

Mimi nililisikia mlangoni, nami nilikuwa nimekwisha kucheka.